Mia Nne na Kumi na Mbili

Hapa Punta Arenas upepo una amri kuliko meya.
Mitaani wamefunga kamba, nguzo hadi nguzo,
mpita njia ajishike asije akabebwa.
Nami hujishika kila jioni nikienda zamu,
na mlango wa wodi ukishafungwa nyuma yangu
kiganja huwa bado kinaikumbuka.

Kitanda cha saba: Nolberto Oyarzo,
miaka sitini na mmoja, mkata manyoya ya kondoo tangu utoto,
vidole vimepindia mkasi usiokuwapo.
Siku kumi na moja hatamki ila hesabu.
Mia tatu na tisini. Mia tatu na tisini na moja.
Wamo darini, asema, wanalia kwa baridi.

Wiki yangu ya kwanza nilimwambia: "Don Nolberto, hakuna kondoo."
Tena kwa sauti laini, ile ya kubembelezea watoto.
Sinia la chai likaruka likapiga ukuta.
Doa lipo hadi leo, chini ya kalenda.

Edelmira Barría, mwenye miaka ishirini na sita humu ndani,
hakunigombeza. Alinipa ufagio.
"Umemwita mwongo," alisema, "ukadhani umemtuliza."
Kisha akavuta kiti,
si mbele yake kama polisi,
wala si kati yake na mlango,
ubavuni tu, kama watu wawili wanaongoja basi moja,
akanyamaza.
Akanyamaza hata mimi nikaona haya.
Akanyamaza hata maji yakasikika yakipita
kwenye mabomba ya kupasha joto.
Ndipo: "Mimi siwasikii, Nolberto.
Lakini ninakuona ulivyochoka."

Kondoo hakumpa. Kondoo hakumnyang'anya.

Leo Edelmira hayupo, goti limemgomea.
Saa tisa usiku. Mabati yanapigwa kama deni.
Nolberto amesimama dirishani, miguu mitupu.
Navuta kiti changu ubavuni.
Ulimi unaniwasha, una maneno yake tayari:
pole, usijali, kutapambazuka.
Nayameza moja moja, bila maji.

Mia nne na kumi na moja.
Mia nne na kumi na mbili.
Kimya.

Sikuuliza "kwa nini"; hilo ni swali la mahakamani.
Niliuliza: "Baada ya huyo, yuko nani?"

Dirisha likapata ukungu wa pumzi yake, likaupoteza, likaupata.
"Waliobaki wako chini ya theluji," alisema.
"Ufunguo wa zizi nilikuwa nao mimi.
Nililala."

Basi.
Ufunguo, na usingizi wa kijana mmoja,
majira ya baridi ambayo mimi nilikuwa sijazaliwa.

Liko swali ambalo haliviringishwi kwenye pamba.
Magoti yangu yalilijua kabla ya mdomo.
"Nolberto, unafikiria kujiua?"

Kioo hakikupasuka.
Aligeuka akanitazama, mara ya kwanza, usoni,
kama mtu aliyebisha hodi miaka arobaini
na sasa anasikia komeo.
"Juzi, ndiyo. Leo hapana."
"Na kesho?"
"Kesho uniulize tena."

Nilikaa naye. Nikampigia simu daktari wa zamu.
Nikaleta soksi; alizivaa mwenyewe, polepole, kushoto kwanza.

Fomu ya usiku ina visanduku viwili viwili:
amelala, hajalala; mtulivu, msumbufu.
Nikatia alama kwenye "hajalala".
Pembeni, kalamu ikigoma, nikaandika:
*Amefika 412, akasimama, akasema.
Aulizwe tena kila zamu. Aitwe kwa jina.*

Saa nne asubuhi ndipo jua lilipochungulia, la kuazima.
Niko kwenye kamba, mkono mmoja, simu mkono wa pili,
Edelmira anapiga kelele kuushinda upepo:
"Alizungumza?"
"Alizungumza."
"Na wewe, ulisema mengi?"
"Kidogo."
"Punguza."