Sahani Hairudi Tupu

Nilisema kwa wema. Naanza hapo
kwa kuwa ndipo ninapoanzia kila usiku
usingizi ukinikataa.

Alasiri ya Jumatatu, sabuleni kwa Bi Shufaa,
tulikuwa tumefika Sura ya Hujurat,
aya ile ya nyama ya ndugu aliyekufa.
Mwana Tatu akakunja uso, "Astaghfirullah,"
kisha akachovya kaimati ya pili kwenye shira.
Tulipofunga misahafu, tukitafuta viatu mlangoni,
nikamwinamia Bi Rehani sikioni:
"Kwa Saumu siku tatu sijasikia mchi."

Basi. Maneno sita.
Ua wake na wangu zimegawana ukuta,
najua akikohoa, najua akifungua kasha.
Mchi usiposikika, hakuna cha kutwanga.
Ningenyamaza, jirani angelala na njaa
nami nimejifunika uchamungu wangu gubigubi.

Kabla ya Isha zilifika kwake sahani tatu
zimefinikwa kwa kawa:
wali wa nazi, samaki wa kupaka,
na mikate ya mofa, hiyo ilikuwa yangu.
Nikaswali nikiwa mwepesi.

Sasa niambie, wewe uliyesoma fikihi:
ile ilikuwa ghiba, au ilikuwa sadaka?

Maana Jumanne neno lilikuwa halijachoka.
Lilipita chini ya wikio, likafika Langoni,
likauliza: mchi umenyamaza kwa nini?
Kwani mume hatumi kitu toka Mombasa?
Barazani kwa washona kofia likajibiwa:
hatumi, kaoa Kisauni.
Jumatano, mbele ya duka la Bwana Shekuwe,
punda wa mchanga wamezuia njia, watu wamesimama,
likaota mkia:
na kisanduku cha darasa kinakaa kwa nani?
Kwa Saumu.
Ehe.
Hakuna aliyesema kaiba.
Walisema "Ehe" tu,
na ni kadhi gani atakayesikiliza kesi ya "Ehe"?

Alhamisi hazikuja sahani.

Jumatatu iliyofuata Saumu alileta kisanduku,
akakimimina mkekani mbele yetu,
akahesabu kwa sauti, noti kisha sarafu,
elfu nne mia saba na thelathini.
Haikupungua hata sumuni.
Bi Shufaa aliinamia msahafu kama anayetafuta aya.
Mwana Tatu akasema, "Hakuna aliyekushuku, dadangu,"
na mkeka mzima ukaitikia, "Hakuna,"
na mimi pia.

Hiyo "hakuna" yangu ndiyo mwiba wa kooni,
si yale maneno sita.

Wanasema nikamwombe radhi.
Mara mbili nimefika mlangoni pake, nikarudi.
Ili anisamehe itabidi nimtajie
Kisauni, na mke, na kila "Ehe",
na mengine pengine hayajamfikia.
Nimkatie nyama yake mwenyewe,
nimtilie mdomoni,
kisha niseme, nisamehe?

Jana Maghribi inakaribia, akabisha hodi.
Amebeba sahani yangu.
"Nimechelewa," akasema, "sikuwa na cha kutia."
Ndani yake, konzi moja ya asmini
kutoka ule mti wa uani kwake.
"Na sahani hairudi tupu."
Akanitazama, akakawia kidogo,
kama mtu aliyeacha mlango wazi makusudi.

Nikasema ahsante.
Nikasema asmini za mwaka huu zinanukia.

Akaenda zake. Nikabaki dakani
sahani mkononi, sijui maua niyavae
au niyafiche Mwana Tatu asije akauliza yametoka wapi.

Usiku nikasikia mchi unatwanga,
pu, pu, pu, kwa nguvu,
labda mtama, labda kinu kitupu
kinachotwangwa ili mimi nisikie.
Kwa aliye upande huu wa ukuta
sauti hazitofautiani sana.

Sikumwambia mtu.