Chaji Iliyobaki

Kabla ya kuvunjwa, kila betri huulizwa
imebakiwa na nini.
Ndiyo kazi yangu, zamu ya usiku, hapa Calipatria:
naweka ncha mbili za kipimo, nyekundu na nyeusi,
nasoma namba, naandika,
kisha naitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi
itoe roho taratibu, bila moto.

Betri ya baiskeli. Betri ya keekee.
Ya gari lililogongwa, nzito kama ng'ombe aliyelala,
tuliishusha watu wanne na winchi.
Ya mwanasesere, bado imeganda pipi.

Nje, visima vinapumua.
Maji yanapanda kutoka kilomita mbili na ushei,
ya moto, mazito, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
yanazungusha mtambo wa umeme,
yanapita kwenye chujio linalojua kuchagua:
chumvi hii nenda, chumvi hii nenda,
lithiamu, baki.
Kisha yanarudishwa yalikotoka.
"Tunaazima," asema Bi Thornquist, mhandisi wetu,
"hatuchukui."
Mimi nimekulia mtaa wa wakopaji.
Mwazimaji hujulikana siku ya kurudisha.

Baba yangu, Refugio Ontiveros,
alikata letasi bonde hili miaka thelathini na mmoja
hata mgongo ukawa ndoana.
Yeye aliliona ziwa hili likistahili kuitwa bahari,
matajiri wakiteleza kwa mbao juu ya maji,
samaki wa kukaanga kila Jumapili.
Kisha mifereji ikabanwa, ziwa likajikunja,
likaacha ufuko wa mifupa ya samaki
na vumbi,
vumbi jepesi la chumvi na dawa za mashamba.
Likaingia kifuani mwa Baba bila hodi
likakaa, mgeni asiyepewa jembe.

Wakamletea mashine ya pumzi.
Nilikwaruza jina lake kwa msumari ubavuni mwa betri
zisije zikachanganywa kliniki.

Leo, saa tisa usiku, pipa la kumi na nne,
chini ya simu zilizopasuka:
R. ONTIV
na mstari unaokimbia pembeni.
Hapo msumari uliteleza. Nilikuwa nimemchekesha,
na kicheko kikageuka kikohozi.

Nikakaa juu ya ndoo.
Eusebio akazima forklifti, akauliza kuna nini.
Hakuna.
Ncha nyekundu. Ncha nyeusi.
Volti kumi na nne, nukta moja.

Yeye aliishiwa. Hii haikuishiwa.

Nilitaka kuificha kotini.
Lakini nyumbani ingefanya nini?
Ingevimba kabatini, katikati ya mashuka,
hadi siku iunguze nyumba.
Kwenye safu ya hali nikaandika: nzima.
Nikaitumbukiza.
Vipovu vikapanda, vidogo, vya kufuatana,
kama mtu anayefundishwa upya kuhesabu pumzi.
Nilivisubiri mpaka kimoja,
mpaka kwa muda mrefu hakuna.

Asubuhi itasagwa iwe unga mweusi.
Unga utaoshwa kwa tindikali,
kobalti upande huu, nikeli upande ule,
na lithiamu, ikishakuwa nyeupe,
itamiminwa gunia moja na ile ya kisimani.
Hapo hata mimi sitaijua
ipi ya ardhi, ipi ya Baba.

Bi Thornquist asema tunaokoa asilimia tisini na tano.
Nimemuuliza mara mbili: na ile tano?
Mara ya kwanza alicheka.
Mara ya pili alitoa kalamu, akaishika,
hakuandika.

Kumekucha. Navaa barakoa,
napandisha vioo vya gari hadi juu.
Upepo umegeuka, unatoka ziwani,
na vumbi nalo limeamka.
Halibishi hodi.