Thelathini na Nane

Aikaeli ameketi kwenye kiti cha plastiki,
begi lake liko mlangoni, limeshafungwa kufuli.
Gari la kwenda KIA litamfuata saa kumi na mbili.
Sasa ni kumi na nusu, na kompyuta yangu inasema:
zimebaki saa mbili na dakika hamsini na tano.

Gigabaiti mia nne.
Siku mbili za matanga Machame, kamera tatu,
baba yake ndani ya jeneza, na kwaya, na mvua,
na wale wajomba wasiojua kuachia maiki.
Vyote vinatakiwa vihamie kwenye kidude
kisichozidi kipande cha sabuni,
alichokinunua kwa mshahara wa kuogesha wazee wa watu
huko Bremen.

"Hii feki," anasema. "Nimeibiwa."
Simjibu. Fundi akijibu upesi, ujue anabahatisha.

Naigusa diski. Ya baridi,
kama sahani iliyokaa usiku kucha kabatini.
Basi si joto.
Natazama nafasi: imejaa robo tu.
Nachomoa kigawanyio chenye kipanya, kibodi na kifeni,
ukoo mzima uliokuwa unanyonya mrija mmoja,
naichomeka diski moja kwa moja ubavuni,
kwenye tundu la buluu, baada ya kulipuliza vumbi.
Thelathini na nane.
Nazima, nawasha. Nasimamisha kikagua virusi.
Megabaiti thelathini na nane kwa sekunde.

Chini, mtaa wa Kiusa, mtu anajaribu honi mpya.
Hairidhiki nayo. Anairudia.

Ningekuwa na akili ningeanza na ule mstari kwenye kioo.
Diski iliyopata moto hutoka mbio, kisha ikahema.
Iliyojaa huyumba kama mnywa mbege anayetafuta mlango.
Huu mstari haukupanda wala kushuka,
umelala sawasawa kama kamba ya mwashi.
Kinachochoka hushuka.
Kinachobanwa husimama palepale.

"Waya huu umeutoa wapi?"
"Wa simu. Ule wake... labda uko nyumbani."

Mweupe, mrefu, mlaini,
maisha yake yote kazi yake ni moja:
kumfikishia mtu umeme kitandani.
Kichwa chake hakina tofauti na cha wenzake,
kinaingia tunduni bila ubishi,
ila ndani nyaya ni pungufu,
na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tunapiga simu Njoro. Shangazi Ndeanka
anapekua droo, anapekua chini ya magodoro,
anaukuta kwa Eliaichi, mjukuu,
ameuchomeka kwenye spika yenye taa za rangi.
Kilio cha mtoto tunakisikia hadi Kiusa.
Bodaboda, elfu mbili.

Waya mfupi, mnene, mbishi kukunjwa.
Nauchomeka saa kumi na moja na dakika tano.

Mia nne na kumi.

Dakika kumi na sita, inasema kompyuta,
na Aikaeli, aliyekuwa anahesabu saa kwa vidole,
anasogeza kiti karibu.
Majina ya faili yanapita: Ibada, Ibada mbili, Kaburi,
Kaburi nne, Chakula, Shukrani,
yanapita kuliko jicho linavyoweza kuyashika.
"Punguza," anasema, kisha anajicheka mwenyewe.

Anaweka kiganja juu ya diski.
"Sasa imepata moto."
"Inafanya kazi," namwambia. "Ni kawaida."
Kiganja hakukiondoa
mpaka mstari ulipofika mwisho.

Ule mweupe ameusahau mezani kwangu.
Nimeupiga fundo katikati
usije ukanidanganya Jumamosi:
kuna kipaimara Kibosho, na mama wa mtoto
tayari ameshaniuliza mara tatu itakuwa tayari lini.