Kitenzi cha Ibara ya Tisa

Barua ilifika saa nne, imekunjwa mara tatu,
inanukia mafuta ya vitumbua.
"Nitafsirie," akasema Bi Siwatu Pazi,
"Kiingereza hiki wamenibandikia mlangoni
kwa gundi ya kunasia panya."

Mimi nina meza moja, Mtaa wa Mkunguni,
kati ya mashine ya fotokopi na muuza makava ya simu.
Ukurasa elfu tatu. Muhuri sina.

Mpangaji wa chumba namba nne, inasema barua,
ame—

nikakwama.

Kitenzi kimekaa katikati ya sentensi
kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.
Nikafungua kamusi yangu isiyo na jalada.
Maana ya siku hizi: kuvunja sharti mchana kweupe.
Maana ya kale: kubeza, kumcheka mtu kwa dharau.
Na chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho,
huenda kilitokana na filimbi.

Huenda.
Nikalipenda neno hilo kuliko yote ya ukurasa.

Nikaiona nchi ya baridi, karne nyingi nyuma,
kijana kabana midomo, anapuliza
mgongoni mwa bwana mwenye shamba,
fyuu, fyuu, hatua kwa hatua,
mpaka filimbi ikapotea, ikabaki pumzi,
pumzi ikawa neno,
neno likafunga tai, likaajiriwa kwenye mikataba,
na leo linamtumikia bwana yuleyule.

"Umelala?"

Nikamwambia: wanasema umedharau ibara ya tisa,
ile inayokataza moto wa mkaa koridoni.
"Dharau?" Akalirudia neno
kama anayeonja mchuzi wa jirani.
"Kodi nimelipa mpaka Desemba.
Niliomba jiko nilipeleke uani, uani akaegesha gari.
Sasa hiyo dharau nimeitoa wapi, sokoni?"

Nikafuta. Amekaidi.
"Hukaidi mtoto. Hukaidi punda."
Nikafuta. Amepuuza.
"Ningepuuzaje nisichoweza kukisoma?"
Nikafuta, karatasi ikaanza kutoboka.
Amebeza.

Hapo akanyamaza.
Akaitwaa barua, akaitazama sahihi ya wakala,
Erasto Lyatuu, mkia wa jina umeviringwa
mpaka ukingoni mwa karatasi.
Akavuta hewa
kupitia pengo la jino la juu,
msonyo mwembamba, mrefu,
ukapanda, ukakata kona, ukashuka taratibu
kama mtu asiyedaiwa na yeyote.
Kijana wa fotokopi akasimamisha mashine.
Muuza makava akageuka kutazama
nani katukanwa.

Nikabaki na kalamu hewani.
Kumbe kamusi ilikuwa karibu kupatia:
ilikosea chombo tu.
Au haikukosea. Huenda.

Sikujua niiandike vipi sauti ile.
Niliweka "amekiuka," neno la ofisini,
safi, halina mate,
naye akaniangalia kama niliyemuuzia kuku aliyekufa.

"Elfu tatu," nikamkumbusha.
Akanihesabia elfu mbili na mia tano,
akafungua kapu, akaongeza vitumbua vinne
ndani ya ukurasa wa gazeti la jana.

Nilivila palepale, juu ya ibara ya tisa.
Vilikuwa vya moto bado.
Vya koridoni.