Nusu ya Kasa

Baba alikata roho Jumatano, kanisa lina kufuli,
mchungaji yuko Malakula kwenye sinodi,
na majivu ya volkeno yakinyesha tangu alfajiri
juu ya bati, juu ya tangi, juu ya mashuka niliyoanika.

Kaka yangu Massing, Msabato tangu aoe,
alisimama mlangoni: Nguruwe asichinjwe hapa.
Shangazi akamjibu bila kumtazama:
Wawili. Na mmoja awe wa jino lililojipinda likawa bangili.

Mimi nilikuwa nakuna nazi.
Maiti moja, na kila mtu
ameshika ncha yake ya shuka, anavuta.

Tulimfumbatisha Biblia yake,
ile aliyoisoma kwa miwani yenye mguu mmoja,
akifuata mistari kwa kidole

kilekile kilichonifundisha mchangani.

Ufukwe wa Ambrym ni mweusi kama masizi.
Nina miaka tisa, ananichorea kasa:
kidole kinashuka, kinazunguka, kinajipita,
hakiinuki hata chembe
mpaka kirudi kilipoanzia.
Kisha akafuta nusu kwa kiganja. Malizia.
Nikakosea. Akafuta tena. Malizia.
"Njia ya wafu," alisema, "amekaa mmoja
asiyeuliza umebatizwa wapi.
Anafuta nusu. Usipojua kumalizia, unaliwa."
Akacheka, akajikung'uta mchanga,
akachukua kitabu cha nyimbo. Ilikuwa Jumapili ya Matawi.

Sikumuuliza kamwe aliamini lipi.
Mtu haulizwi ni mguu upi unaomtembeza.

Usiku, wafiwa wamesinzia,
nikainama kizingitini. Majivu laini kama unga.
Nikaanza kasa. Kidole kikashuka, kikazunguka,
kikafika mgongoni, kikagoma.
Miaka thelathini, na nusu yangu ni ileile.

Mwanga wa tochi ukaniangukia. Massing.
Nikangoja aya.
Akachuchumaa, magoti yakalia,
akaweka kidole juu ya changu kabla sijakiinua,
akaupeleka mstari kushoto
(kushoto, kumbe!)
ukakata mkia, ukapanda, ukarudi nyumbani.

Hatukusema kitu. Akazima tochi.

Kulipokucha, nguruwe alilia nyuma ya jiko.
Massing alikwisha kwenda kuchota maji
kule mto wa mbali, ndoo mbili,
bila haraka yoyote.