Taa za Kikumi

Fundi Sseruwagi alizigonga kwa ukucha, ko, ko,
kama mtu anayechagua tikiti sokoni,
akasema: laki tatu na nusu, zote mbili, kutoka Kisekka.
Nikasema nitarudi.
Sote wawili tulijua maana ya nitarudi.

Kikumi changu kina mtoto wa jicho.
Miaka ya kuegeshwa juani nje ya ghala la viazi
imezipika taa hadi zikawa rangi ya maziwa yaliyolala.
Na alfajiri za Kabale unazijua:
nje ukungu, ndani ya taa ukungu,
naendesha kwa kukumbuka.
Kona ya kanisa naikumbuka.
Shimo la darajani
hunikumbuka kabla sijalikumbuka.

Basi Jumapili, baada ya misa,
nikakalia dumu la njano mbele ya gari
kama kinyozi mbele ya mteja asiye na haraka.
Utepe wa karatasi pembeni, rangi isikwaruzwe.
Msasa wa maji, namba mia nane, elfu moja, elfu mbili,
dukani kwa Bi Ntegyerize, jumla elfu tatu na mia tano.
Beseni la maji.
Fulana ya uchaguzi uliokwisha.

Sugua. Usizungushe, nenda mstari,
kisha ukate mstari kwa mstari.
Maji yakatoka ya njano, mazito kama usaha,
na taa, Mungu wangu, ikazidi kuharibika:
nyeupe pe, kipofu kabisa.
Karwemera akapita na baiskeli yake.
"Umeziua," akasema.
Sikumjibu. Nilikuwa nafikiri hivyo hivyo.

Hapo ndipo inapohitajika imani, na dawa ya meno.
Atwine aliileta ameikumbatia.
"Baba, na sisi kesho tutapigia nini mswaki?"
Majivu, nikasema, kama nilivyopigia mimi.
Akanitazama meno.
Akaniminyia nusu.

Nusu ikatosha.
Kitambaa, kidole, pumzi, kitambaa.
Mkono ukafa ganzi, ukafufuka, ukafa tena,
na polepole, kama majani yanavyotua chini ya chai,
nikaanza kuona ndani:
balbu, waya, kikombe cha fedha kinachong'aa,
na nondo mmoja, mkavu, mabawa wazi.
Sijui ni wa huku, sijui ni wa Japani.
Miaka yote hiyo nilidhani ni doa.
Nilimsugulia mlango, lakini
msasa haumfikii.

Nikapaka vanishi, mikono miwili myembamba,
jua lisirudi na meno yake.

Jumatatu, saa kumi na moja, magunia manne nyuma,
nikawasha.
Barabara ikatoka mahali ilipokuwa imejificha.
Shimo la darajani nililiona likiwa bado mbali,
nalo likaona kwamba nimeliona.
Mama mmoja, jembe begani, akajikinga macho,
akanitukania ukoo mzima kwa Kikiga safi.
Nikafurahi: tangu ninunue gari hili
hakuna aliyewahi kulalamikia mwanga wangu.

Na juu ya ukungu, upande wa kushoto,
kikubwa kama ng'ombe,
kivuli cha nondo
kikatutangulia hadi Katuna.