Daktari wa Heshima

Kwenye daftari la hospitali hapa Mymensingh
cheo changu kimeandikwa kwa wino wa buluu:
Daktari wa Heshima.
Maana yake, mshahara hakuna.
Heshima ninayo tele. Naifungua kila asubuhi
kama mkebe wa biskuti
uliobaki na sindano na vifungo.

Baba aliuza vipande vitatu vya shamba la mpunga.
Cha kwanza kilinunua vitabu.
Cha pili, mifupa: fuvu na uti wa mgongo,
nililala navyo miaka miwili chini ya kitanda cha bweni.
Cha tatu kiliishia kwenye ada, na joho la siku moja.
Siku hizi aliyenunua akipita na baiskeli
humwita baba kwa adabu, "Baba Daktari!"
na baba huitika
huku akitazama mashuke ya mtu mwingine.

Wodi ya kumi na nne. Vitanda arobaini,
wagonjwa mia na kumi.
Wengine sakafuni, wengine verandani,
mmoja chini ya ngazi, mguu wake unavutwa
na matofali mawili yaliyofungwa kamba.
Naandika dawa; ndugu anakimbilia duka la nje,
anarudi na karatasi ileile, mikono mitupu, ananiuliza
ni ipi kati ya hizi sita
inayoponya zaidi kwa pesa kidogo.
Swali hilo halikuwamo kwenye mtihani.

Heshima si utumwa, husema watu.
Hawajaona ratiba ya zamu.

Alhamisi usiku napanda basi la Kalmakanda.
Huko kuna kliniki ya muuza saruji;
nakesha saa arobaini na nane, peke yangu,
naye hunilipa noti zenye vumbi
na ushauri wa bure: punguza maelezo, ongeza vipimo.
Hizo ndizo kodi yangu, wali wangu, dawa ya presha ya mama.

Tonima, niliyekaa naye chumba kimoja,
aliuza bangili za bibi yake akalipia mtihani wa ng'ambo.
Sasa yuko Leeds. Anasema kila mgonjwa ana kitanda,
kila kitanda kina pazia,
na kwamba usiku ule ukimya humnyima usingizi.
Amenitumia fomu. Nimejaza jina:
Lubaba Khondokar.
Mistari mingine bado iko wazi.

Jumanne walimleta kijana aliyeumwa na nyoka.
Alikuwa ameshapitia kwa mganga, kisha zahanati, kisha kivuko.
Kope zake zilikuwa zimeanguka kama mapazia ya duka.
Mashine ya kupumulia ilikuwa moja, na ilikuwa na mtu.
Nilimpumulia kwa mfuko, kwa mkono,
saa mbili, saa tatu,
vidole vikawa si vyangu.
Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri.

Walivunja dirisha. Wakapiga kelele, daktari yuko wapi.
Daktari alikuwa kwenye kabati la mashuka
pamoja na muuguzi Minoti Mankhin,
ambaye alinishika mkono gizani akanong'ona,
"Umekula tangu jana?"

Saa nne asubuhi nilikuwa mezani pangu.
Akaja mwanamume, kiganja kimefungwa kwa kitambaa,
damu imekauka mpaka kwenye kiwiko.
Nilimfahamu. Naye alinifahamu.
Mkononi mwa pili alishika uzi, amekwisha kuununua,
kwa kuwa hospitali haina.

Nilitoa vipande vya kioo, kimoja kimoja.
Nyuzi saba.
Kwenye wa tano akauliza, bila kuinua macho,
"Serikali inakulipa kiasi gani kwa kazi hii?"
Nikamwambia.
Akacheka kidogo, kwa pua, kama mtu aliyezoea kudanganywa.
Nikafunga fundo, nikakata uzi,
nikamwambia arudi baada ya siku kumi.
Akauliza, "Utakuwepo?"